Macho ya umma Uganda: yanapobana na yanapoteleza

Kati ya mwaka 1991 na 1995, serikali ya Uganda ilikuwa ikituma wilayani ruzuku ya wanafunzi wa shule za msingi, fedha za vitabu, chaki na matumizi mengine ya kawaida. Vitabu vya Hazina vilionyesha kwamba fedha zimetoka. Watafiti walipozunguka shule 250 na kupekua daftari zake, walikuta kwamba kwa wastani shule zilipokea asilimia 13 tu ya fedha hizo. Nyingi hazikuambulia hata shilingi. Kilichobaki kilikwama mikononi mwa maofisa na wanasiasa wa wilaya.

Shule zilizopata kitu zilikuwa hasa katika maeneo ya wazazi wenye uwezo, watu walioweza kumfuata ofisa mpaka ofisini kwake na kumdai. Kwa hiyo hata kabla ya tangazo lolote, aliyejua anachodai alipata angalau kidogo, na asiyejua alitoka mikono mitupu.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 serikali ilianza kuchapisha magazetini, pamoja na matoleo yake ya lugha za wenyeji, kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya mwezi baada ya mwezi. Shule nazo ziliagizwa kubandika hadharani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa ikifika shuleni.

Kisa hiki kimesimuliwa dunia nzima kama ushahidi kwamba ukianika hesabu, wizi unakoma. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mengi mengine yalibadilika katika miaka hiyohiyo: mwaka 1997 elimu ya msingi bila ada ilianza, wanafunzi wakafurika madarasani, masharti ya kutuma fedha wilayani yakakazwa na wafadhili wakataka taarifa za mara kwa mara. Wachumi waliorudia hesabu zile walisema wazi kwamba si haki kulipa gazeti sifa zote. Hata hivyo jambo moja lilibaki: shule zilizokuwa karibu na mahali magazeti yanapouzwa zilipata nafuu kubwa kuliko zilizokuwa mbali. Tangazo lilisaidia, ila halikufanya kazi peke yake.

Maswali matatu ya anayetazamwa

Ofisa au mwanasiasa anapoanikwa, huwa anapima mambo matatu. Wanajua nini hasa? Aliye juu yangu atajali? Nikinyamaza wiki mbili, haitapita?

Swali la kwanza ndilo linaloeleza nguvu ya tangazo la shule. “Wilaya inaiba” ni kelele, na kelele hujibiwa kwa kelele. “Shule hii ilitumiwa kiasi hiki mwezi wa Februari, na daftari lake linaonyesha sifuri” ni dai lenye mahali, tarehe na kiasi, na mtu mmoja tu ndiye anayeweza kulijibu. Swali la pili linahusu adhabu: wizara ilikuwa na uwezo wa kubana wilaya, na ilikuwa ikitazama. La tatu linahusu muda. Tangazo lilitoka kila mwezi, kwa hiyo kunyamaza hakukusaidia.

Ondoa moja kati ya hayo uone kinachotokea. Katika Bunge la mwaka 2006 hadi 2011, taasisi ya Africa Leadership Institute ilitoa kadi za alama kwa wabunge: nani anahudhuria, nani anachangia mijadala na kamati. Watafiti walifuatilia majimbo ambako kadi zilisambazwa na kuyalinganisha na mengine. Wapiga kura walizipokea kwa hamu, lakini mwenendo wa wabunge haukubadilika wala nafasi yao ya kuchaguliwa tena haikutikisika. Kwa mbunge wa Uganda, kura huamuliwa na mambo mengi kabla ya alama za kamati: chama, ukoo, mchango wa mazishi, gari la kubebea wagonjwa. Kadi iligusa asichokuwa na hofu ya kukipoteza.

Kwenye mabaraza ya wilaya hali ilikuwa tofauti kidogo, na tofauti hiyo inafundisha. Shirika la ACODE limekuwa likitoa alama za madiwani, na katika wilaya 20 utafiti ulijaribu kuzipeleka alama hizo kwa wananchi wa kaunti ndogo kupitia mikutano. Madiwani waliotoka maeneo yenye ushindani mkali wa kisiasa walianza kufanya kazi vizuri zaidi. Waliotoka maeneo ambako kiti ni cha uhakika hawakubadilika. Alama na mikutano vilikuwa vilevile. Kilichotofautiana ni kama kiti kinatikisika.

Jaribio jingine lilifanywa kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2016. Wapiga kura walitumiwa ujumbe mfupi wa simu kuhusu kasoro walizozikuta wakaguzi katika bajeti ya wilaya yao. Ujumbe huo uliathiri kura za madiwani lakini haukugusa kura za wenyeviti wa wilaya. Nadhani maelezo yake si magumu. Mwenyekiti wa wilaya ni mtu anayejulikana, watu wameshajenga maoni juu yake na ana njia nyingi za kujieleza redioni. Diwani hajulikani sana, hivyo habari mpya kumhusu inabeba uzito.

Zahanati: jaribio lililofaulu, kisha likashindwa

Sehemu hii inahitaji subira, kwa sababu hupotosha hata wataalamu.

Katikati ya miaka ya 2000, watafiti walichagua vituo 50 vya afya katika wilaya tisa. Kwenye nusu ya vituo hivyo, wanakijiji waliletewa takwimu za kituo chao: wahudumu hawapo mara ngapi, mgonjwa husubiri muda gani, dawa zipo au hazipo. Kisha wananchi na wahudumu walikaa pamoja, wakaandikiana makubaliano ya nani atafanya nini, na wananchi wakafuatilia. Baada ya mwaka mmoja vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 33. Matokeo hayo yalisifiwa kila mahali.

Baadaye mpango kama huo ulijaribiwa kwa upana mkubwa zaidi, vituo 376 katika wilaya 16. Huduma iliboreka kidogo, wagonjwa waliridhika zaidi, lakini vifo havikupungua.

Kuna sababu kadhaa za kuzingatia. Katika kipindi kati ya majaribio hayo mawili, vifo vya watoto vilikuwa vimeshashuka nchini kote, kwa hiyo nafasi ya kuokoa zaidi kwa njia hii ilikuwa ndogo. Kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kwamba mwananchi anayemtazama muuguzi anamtazama mtu asiye na maamuzi mengi. Kwa miaka mingi vituo vya ngazi ya II na III vimepokea dawa kwa masanduku yaliyopangwa na bohari ya taifa, si kwa orodha ya kituo chenyewe. Malaria ikipanda Aprili na dawa zikaisha, muuguzi ndiye anayetukanwa dirishani, ilhali idadi iliamuliwa mbali. Kumtazama kunaweza kumfanya afike saa mbili asubuhi badala ya saa nne. Hakuwezi kujaza kabati.

Kanuni inayotoka hapo ni hii: uchunguzi wa umma hurekebisha jambo lililo ndani ya uwezo wa yule anayetazamwa. Ukimulika asiye na uwezo, unapata aibu na chuki bila dawa.

Mashimo, mabati na marupurupu

Aprili 2023 wakazi wa Kampala walianza kurusha Twitter picha za mashimo ya barabarani, wakiitikia mwito wa mchora katuni na mhadhiri Jimmy Spire Ssentongo. Kampeni hiyo waliiita maonyesho. Ndani ya siku chache Rais aliagiza Wizara ya Fedha itoe shilingi bilioni 6 kwa mamlaka ya jiji, KCCA, ili mashimo yazibwe.

Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu shimo halina mjadala. Lina picha, lina jina la mtaa, lina mamlaka moja inayowajibika, na kila mtu kuanzia bodaboda hadi waziri analipita. Lakini tazama pia kilichonunuliwa na fedha zile: viraka. Mashimo ya Kampala huzaliwa na maji yanayokosa njia. Mtaro ukiziba, maji hukaa juu ya lami, hupenya kwenye nyufa, hulainisha tabaka la chini, na tairi la lori linamalizia. Mtaro uliojaa mchanga hauvutii kwenye picha. Macho ya umma yana upendeleo huu daima: yanaona kinachoonekana, na taasisi inayobanwa hutibu kinachoonekana.

Mabati ya Karamoja, eneo la kaskazini-mashariki mwa Uganda, yalikuwa jambo la namna nyingine. Mapema mwaka 2023 ilibainika kwamba mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya watu wa Karamoja yalikuwa yamegawanywa kwa viongozi. Bati lina faida moja ambayo fedha taslimu hazina: linahesabika, limetiwa chapa, na likiezekwa kwenye banda la mbuzi linabaki juu likionekana. Mawaziri walifikishwa mahakamani. Aprili 2025, Agnes Nandutu, aliyekuwa waziri wa nchi wa masuala ya Karamoja, alihukumiwa kifungo cha miaka 4 kwa kosa lililohusu mabati 2,000. Hapa macho ya umma yalikutana na upelelezi, mwendesha mashtaka na Mahakama ya Kupambana na Rushwa, na ilichukua zaidi ya miaka 2 kufika hukumu moja.

Maonyesho mengine ya mtandaoni, ya Februari na Machi 2024, yalihusu Bunge, na yalimulika taasisi yenyewe inayopaswa kumulika wengine. Kati ya yaliyoanikwa ni zawadi ya utumishi ya shilingi bilioni 1.7 waliyopewa makamishna wanne wa Bunge, yaani wabunge wanaokaa kwenye tume inayoliendesha: milioni 500 kwa aliyekuwa kiongozi wa upinzani, Mathias Mpuuga, na milioni 400 kwa kila mmoja wa wengine watatu. Chama cha Mpuuga kilimtaka ajiuzulu ukamishna, akakataa. Uingereza, na baadaye Marekani, zilimwekea vikwazo Spika Anita Among mwaka huo. Ndani ya nchi, kiti chake cha Uspika hakikutetereka wakati huo. Rudi kwenye swali la pili: aliye juu yangu atajali? Bunge halina bosi wa kawaida. Linajiadhibu lenyewe au haliadhibiwi, mpaka uchaguzi.

Anayetazamwa naye hubadilika

Kuna upande ambao wanaharakati hawapendi kuuzungumza. Ofisa mwaminifu naye huogopa, na hofu yake ina gharama inayolipwa na wananchi.

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015, ofisa mwidhinishaji wa matumizi, wilayani akiwa ni CAO, yaani mtendaji mkuu wa wilaya, anabeba dhamana yeye binafsi. Akiitwa mbele ya kamati ya Bunge, kamera zinawaka, na imewahi kutokea ofisa akatoka chumbani akiwa mikononi mwa polisi kabla ya shtaka lolote. Wenzake wanaotazama wanajifunza. Wengine wanajifunza uaminifu. Wengi wanajifunza kutokusaini. Faili la zabuni linazunguka kutafuta ushauri wa kisheria, kisha kibali kingine, kisha barua ya kuthibitisha kibali. Juni 30 mwaka wa fedha unafungwa, na fedha zisizotumika zinarudi Hazina. Mwaka unaofuata kijiji kinauliza kwa nini darasa halikujengwa, na jibu ni kwamba hakuna aliyeiba wala aliyejenga.

Funzo la pili wanalolipata ni ustadi wa makaratasi. Mkaguzi akitafuta stakabadhi, stakabadhi zitapatikana. Semina yenye majina 60 na sahihi 60 itakuwepo kwenye faili hata kama ukumbini walikaa watu 20. Ndiyo maana hati safi ya ukaguzi haimaanishi kwamba barabara ipo. Inamaanisha hesabu zimeandikwa vizuri. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hufanya pia ukaguzi wa thamani ya fedha, unaokwenda mpaka kwenye kazi yenyewe, na huo ndio wa kuusoma kwanza.

Wizi nao huhama. Ukibana ruzuku, unaingia kwenye mishahara kwa njia ya wafanyakazi hewa. Ukibana mishahara, unaingia kwenye fidia za ardhi, ambako bei haina kipimo kimoja.

Na kuna madhara yasiyo na faida yoyote kwa mtu yeyote. Mwanasiasa mwanamke hutazamwa nywele, mavazi na ndoa kabla ya kura aliyopiga. Mtoto wa ofisa anazomewa shuleni kwa tuhuma ambazo hazijathibitishwa. Mashambulizi hayo hayarudishi shilingi, na humpa mtuhumiwa nafasi ya kugeuza hoja kuwa chuki za kabila au dini.

Ukitaka kumulika, anzia hapa

Amulikaye nyoka huanza miguuni pake. Chagua jambo moja la karibu: choo cha shule, kipande cha barabara ya murram, paa la kituo cha afya. Tafuta kwanza kiasi kilichoidhinishwa katika bajeti ya wilaya na kilichotolewa katika robo husika. Robo ya kwanza ni Julai hadi Septemba. Wizara ya Fedha huweka takwimu za bajeti kwenye tovuti yake, na ubao wa matangazo wa wilaya au shule unapaswa kuonyesha zilizopokelewa. Kuidhinishwa si kutolewa. Kosa hili moja limewaaibisha wafuatiliaji wengi, kwa sababu ofisa anaonyesha kwamba nusu ya fedha haikuja kabisa, na mkutano unaishia hapo.

Pata orodha ya kazi na vipimo iliyo kwenye mkataba. Bila hiyo huwezi kusema kazi ni mbovu. Barabara ya murram mara nyingi huandikiwa tabaka la milimita 150 baada ya kushindiliwa, kwa hiyo chimba kishimo kidogo pembeni, weka futi ya chuma, piga picha, na rudia sehemu tatu zilizoachana, maana sehemu moja inaweza kuwa ajali. Hesabu kalvati na upime kipenyo chake. Kwenye mabati, angalia geji iliyochapishwa: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na mkandarasi anayelipwa kwa 28 akaezeka 30 anabaki na tofauti mfukoni. Kwenye saruji, uliza mifuko mingapi ya kilo 50 iliingia na nani alisaini.

Ukinyimwa karatasi, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005, iliyotokana na ibara ya 41 ya Katiba. Raia yeyote anaweza kuomba kwa maandishi, na sababu zake za kuomba si kigezo cha kumkubalia au kumkatalia. Kanuni za mwaka 2011 zinataja ada ya shilingi 20,000. Ofisi ina siku 21 kujibu. Ikikaa kimya, sheria inahesabu kwamba imekataa, nawe unaweza kwenda kwa Hakimu Mkuu. Tunza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu bila tarehe ya muhuri siku 21 hazina pa kuanzia. Omba hati yenye jina (“mkataba wa ujenzi wa choo, mwaka wa fedha fulani”), usiombe “taarifa zote za ujenzi”. Mlango huu hata hivyo si mpana wakati wote: waandishi wawili walioomba mikataba ya mafuta walishindwa kwenye mahakama ya Nakawa mwaka 2010.

Kama wewe ni mtumishi na siri imepitia mezani kwako, usianze na WhatsApp. Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa ya mwaka 2010 inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa ofisa anayetambuliwa na sheria: mwajiri, Mkaguzi Mkuu wa Serikali (IGG), Mwendesha Mashtaka Mkuu, Tume ya Haki za Binadamu, polisi na wengine waliotajwa. Inatoa pia asilimia 5 ya fedha zitakazookolewa. Ukirusha kwenye kundi kwanza, umetoka nje ya kinga hiyo.

Kwa wanaochapisha, mipaka inahama. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo, mwaka 2010 kosa la uchochezi likafutwa, na Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikafuta kosa la mawasiliano ya kuudhi katika Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta. Lakini marekebisho ya mwaka 2022 ya sheria hiyohiyo yalileta makosa mapya, na wewe pia unaweza kudaiwa fidia kwa kumchafulia mtu jina. Andika ulichokiona na ulichokipima. “Mkataba unasema kalvati 6, tumehesabu 4” kunatetewa mahakamani. “Mwizi” hakutetewi mpaka kuwe na hukumu.

Halafu zingatia kalenda, ambayo wengi huisahau. Mwaka wa fedha ukifungwa Juni 30, wilaya huwasilisha hesabu zake kufikia mwisho wa Agosti. Kuanzia hapo wakaguzi wanazipitia, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hupeleka ripoti Bungeni kufikia Desemba 31. Bunge lina miezi 6 kuijadili, na mara nyingi imechelewa. Ofisi hiyo ina matawi mikoani, yakiwemo ya Arua, Mbale na Mbarara. Barua ya ukurasa mmoja yenye jina la mradi, mwaka wa fedha, kiasi kilichotolewa na picha mbili zenye vipimo, ikifika huko Septemba, inaweza kuingia katika maswali ambayo CAO atatakiwa kuyajibu kwa maandishi. Ikifika Januari, itakuta ripoti ya mwaka huo imeshatoka.